Mwaka wa Visiki

Nahodha Lazaro Simfukwe tulimzika hapa Tunduma, kwenye makaburi ambayo ukisimama unasikia malori yakinguruma katika foleni ya kuvuka kwenda Zambia. Kabla ya kutoka nyumbani kwa binti yake, kijana mmoja wa ukoo alisimama akasoma wasifu wa marehemu. Alisoma vizuri, kwa sauti ya mtu aliyezoea kusoma kanisani. Marehemu alizaliwa Msangano, alilima ufuta, baadaye akafungua duka la nafaka mjini, akawa mzee wa kanisa, ameacha watoto na wajukuu. Basi. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye mkeka pamoja na kina mama wenzangu, nikisubiri afike kwenye habari za ziwa. Hakufika. Alikunja karatasi yake, kwaya ikaanza kuimba. Mama aliyekuwa karibu yangu akaninong'oneza, "Mbona unatikisa kichwa, dada?" Nikamwambia, "Wamesoma nusu ya mtu." Kijana simlaumu. Huwezi kusoma usichoambiwa, na Nahodha hakuwa mtu wa kujisimulia. Lakini mimi nilikuwepo, na nikinyamaza nitakuwa nimeizika ile nusu nyingine kwa mikono yangu.

Jinsi nilivyofika Ziwa Rukwa, na nani alinituma, ni mambo ya ukoo wetu na hayana faida kwa msomaji. Inatosha kusema kwamba nilikuwa na miaka kumi na tisa, kwamba niliteremka na lori la mchele kupita Msangano na Kamsamba mpaka joto la bonde likanifanya nivue sweta, na kwamba jioni ile nilipokelewa na Mama Skola, mwenye mgahawa katika mwalo wa Nankanga, ufukwe ambapo boti za uvuvi na za abiria hutia nanga. Mgahawa wenyewe ulikuwa banda la fito na udongo, bati juu, mabenchi marefu kadhaa, na meza moja iliyofunikwa kitambaa chekundu cha plastiki ambacho Mama Skola alikifuta mara nyingi kuliko alivyofuta uso wake. Nyuma ya jiko kulikuwa na chumba kidogo. Humo nililala na Rebeka, binti wa huko huko bondeni, tukigawana kitanda cha kamba na harufu ya samaki waliokaushwa kwa moshi, harufu ambayo hata nikifua mara tatu ilibaki kwenye nywele. Rebeka alikuwa mwembamba, mcheshi, na alikuwa na kipaji cha kujua nani atalipa na nani atajifanya amesahau. Ndiye aliyenifundisha kupika magege, samaki wa ziwa lile, kwa nyanya na bamia bila kuwavunja, na kusonga ugali wa watu wengi bila kuumiza mgongo. "Usipigane nao," aliniambia. "Uzungushe kama unambembeleza mtoto."

Wateja wetu walikuwa wavuvi na manahodha wa boti za abiria. Masika barabara za bonde lile hugeuka uji. Mwenye mgonjwa, mwenye mchele wa kuuza, mwenye harusi ng'ambo, njia yake ilikuwa ni maji. Manahodha hawa walikula kwetu asubuhi na mchana, lakini hawakula pamoja. Kila mmoja alikuja na watu wake, akakaa benchi lake, na akiingia mwenzake alishusha sauti. Walikuwa wakigombea abiria, na ushindani wao ulikuwa katika jambo moja tu: nani anajua ziwa. Mwaka ule ziwa lilikuwa limepanda. Mahali palipokuwa msitu wa migunga, ambapo watu wazima walikumbuka kuchunga ng'ombe, palikuwa maji. Miti ilikufa ikiwa imesimama. Mingine ilikatika, visiki vikabaki chini, vingine vikiwa kiganja kimoja tu kutoka juu. Na maji ya Rukwa si ya kuchungulia. Yana rangi ya chai ya maziwa. Unaweza kuweka mkono wako ndani usiuone, seuze kisiki.

Kwa hiyo kila nahodha alikuwa na njia yake aliyoipata kwa kugonga, kwa kuvunja panga za injini na kukumba maji kwa ndoo huku akimwomba Mungu. Njia hiyo aliitunza kama mwanamke anavyotunza akiba yake. Kwa mwenzake hakusema. Lakini kwa watu wake, akiwa ameshika tonge, alisema. "Leo nimepita kushoto ya ule mgunga wenye kiota, kulia kuna magogo mawili yamelala." Mwingine kesho yake: "Ukiona mlima umekaa nyuma ya kijiji, hapo kata, usiende mbele." Mimi na Rebeka tulikuwa tukipita katikati yao na sahani. Mtu anayebeba sahani haonekani. Wangekuwa wanatuona, wasingesema nusu ya waliyosema.

Siku boti ya kijana mmoja wa ng'ambo ilipozama, ilikuwa mchana mweupe, hakuna upepo. Nasema hivyo kwa sababu watu wa milimani wakisikia ajali ya majini hufikiria mawimbi makubwa. Ziwa lilikuwa limelala kama mkeka. Boti ilikuwa imejaa, inakwenda kasi, ikapanda juu ya kisiki kilichoipasua katikati. Rebeka alikuwamo, anakwenda kumwona mama yake. Waliogelea waliojua kuogelea. Rebeka hakujua, sisi wasichana nani alitufundisha? Hakupatikana. Kwa wale wanaolijua Rukwa na mamba wake, sina haja ya kueleza zaidi. Mama Skola alizima jiko, na katika mwaka wote ule hiyo ndiyo siku pekee niliyoona majivu baridi pale.

Maneno yalianza palepale. Ziwa lina nyoka. Ziwa linadai. Fulani amemtuma fulani. Abiria wakakataa kupanda, mchele ukarundikana mwaloni, na kuna mwanamke aliyejifungulia chini ya turubai kwa sababu mume wake hakuthubutu kumvusha kwenda zahanati. Nahodha Lazaro ndiye aliyekwenda kuivuta ile boti iliyovunjika. Wakati huo alikuwa mtu wa makamo, mfupi, mwenye shingo nene, msemaji wa Kinamwanga zaidi kuliko Kiswahili. Aliirudisha mpaka ufukweni, akaingiza mkono katika tundu, akatoa kitu akakiweka juu ya meza yetu mbele ya watu wote. Lilikuwa gome la mti, jeusi, limelowa. "Nyoka gani huyu ana magome?" aliuliza. "Ni mti. Na mti haumfuati mtu. Mti uko palepale jana, leo na kesho. Kitu kisichohama tunashindwaje kukikwepa?"

Akawaomba manahodha wenzake kila mmoja aseme anachokijua, ili waweke alama njia moja ya wote. Walimsikiliza kwa adabu, wakamaliza chai, wakaondoka. Mkubwa wao aliitwa Sadoki, mwenye boti ndefu kuliko zote. Yeye alijua pengo kati ya visiki ambalo watu wake waliliita mlango, ambapo boti iliyojaa ingeweza kupita bila kugusa kitu. Sadoki alisimama mlangoni mwa mgahawa akasema kwa upole kabisa, "Lazaro ndugu yangu, kila mtu na shamba lake."

Nahodha alibaki peke yake kwenye benchi. Nilikuwa nikifuta meza. Sijui nilipata wapi ujasiri. Nadhani nilikuwa nimechoka kulala upande mmoja wa kitanda kana kwamba Rebeka bado yupo. Nikamwambia, "Baba, mimi nayajua." Akaniuliza nini. "Ya Sadoki. Na ya wengine. Wanasema wakila." Akasogeza kikombe chake pembeni. Nilikwenda jikoni nikaleta kikapu cha mkaa, nikapiga magoti, nikaanza kupanga vipande juu ya sakafu ya udongo. Huu mwalo. Huu mgunga wenye kiota. Haya mawili yaliyolala. Hapa mlima unakaa nyuma ya kijiji. Mama Skola aliacha sufuria akaja kutazama, akaongeza kipande kimoja ambacho mimi nilikuwa nimekisahau. Tulipomaliza, sakafuni kulikuwa na kitu ambacho hakuna nahodha hata mmoja wa Nankanga aliyewahi kukiona: ziwa zima, visiki vyote mahali pamoja, na katikati njia imepinda kama mkono wa mtu aliyelala. Nahodha Lazaro alichuchumaa mpaka miguu ikamfa ganzi. Kisha akasema, "Kesho unakaa mbele ya boti."

Ninajivuna. Naona bora niseme wazi, maana sisi wanawake wa umri wangu tumefundishwa kusema "tulisaidia kidogo". Sikusaidia kidogo. Kwa wiki kadhaa nilisimama mbele ya boti ile nimeshika upondo, mti mrefu wa kupimia kina, nikiuzamisha na kuuinua, nikimwambia aliye kwenye usukani kilicho chini. Nilijifunza kwa mikono. Tope huuvuta upondo kama mtu anayekataa kuagana nawe. Mchanga huujibu kwa mkwaruzo. Kisiki hugonga, na mshtuko huo unausikia kwenye meno. Nikisema "pita", tulipita. Nikisema "kisiki", Nahodha alizima injini bila kuuliza. Wanaume walisema mwanamke mbele ya boti ni mkosi. Nahodha aliwajibu kwamba boti iliyozama ilikuwa na mwanamume mbele. Mama Skola alichukua kitenge cha Rebeka kilichobaki, chekundu, akakichana vipande virefu, akatukabidhi. Tulikata mianzi iliyoteremshwa na wafanyabiashara kutoka milima ya Ileje, tukaichomeka kwenye tope, tukifunga nyekundu upande wa kulia wa mtu anayetoka mwaloni, na vipande vya mifuko ya unga, vyeupe, upande wa kushoto. Mikono yangu ilitoka malengelenge, yakapasuka, yakawa ngozi ngumu ambayo nilikuja nayo Tunduma, na mume wangu wa baadaye aliponishika mkono mara ya kwanza aliniuliza kama nimelima mawe.

Mjukuu wangu anafanya kazi kwenye meli za mizigo. Alipokuja likizo nilimuuliza huko baharini wanaogopa nini, nikidhani atasema mawimbi. Akasema, "Bibi, maji ya kina hayana neno. Meli inauawa na kile kilicho karibu na juu ambacho hukioni: mwamba, meli iliyozama zamani, kontena lililoanguka linaelea limezama nusu." Akanieleza kwamba kwenye kuingia bandarini wanaweka maboya, mekundu upande huu na ya kijani upande ule. Nilimwacha aeleze mpaka mwisho, kisha nikamwambia sisi tulikuwa na nyekundu na nyeupe. Akacheka akidhani namtania. Bahari sijaiona mpaka leo. Naona makontena tu yakipita barabarani, yana chumvi na kutu ubavuni, nami huyaangalia kama mtu anayewatazama jamaa wa mtu anayemfahamu.

Sadoki alikuja mgahawani asubuhi moja watu wakiwa wanakunywa chai. Hakukaa.

"Shikamoo, baba," nikamwambia.

"Marahaba. Binti, ule mlango nimeutafuta mwenyewe. Unajua nimevunja injini mara ngapi? Nani alikupa ruhusa ya kuwagawia watu?"

Nilikuwa nimeshika birika, nikaliweka chini. "Hukunipa ruhusa, baba. Ulikuwa unasimulia, na mimi nilikuwa nakuletea chai. Rebeka naye alikuwa anakuletea chai. Alikuwa anaujua mlango wako kama mimi. Lakini alipanda boti ambayo nahodha wake hakuambiwa."

Sadoki akageuka, akatoka. Siku iliyofuata tulikuta mianzi ya mlangoni imeng'olewa yote. Hatukumwona aliyeing'oa na sitasema nisichokiona. Nahodha Lazaro aliitazama ile mianzi inavyoelea, akaanza kuiokota. "Tunairudisha," alisema. "Atakayeng'oa atachoka kabla yetu." Tukairudisha. Ikang'olewa tena. Tukairudisha tena. Abiria wakaanza kuuliza kabla ya kupanda, "Hii inapita penye vitambaa?" Boti zilizopita penye vitambaa zilijaa. Ndipo manahodha wengine, mmoja baada ya mwingine, wakaanza kumfuata Lazaro kwa nyuma, kwanza kwa aibu, halafu bila aibu. Sadoki peke yake aliendelea kupita kwa alama zake mwenyewe: mlima, na mti mmoja mkavu uliosimama karibu na mlango.

Ilikuwa mwisho wa masika, mchana, wakati wa chakula, wingu lilipoteremka kutoka milimani. Upepo wa Rukwa hauji kwa hodi. Ulivuta bati la jirani, ukageuza mitumbwi ufukweni, na mvua ikafuata, nene, mpaka mlima ukafutika kabisa. Mtu mmoja akaingia amelowa akasema boti ya Sadoki iko majini, inarudi kutoka ng'ambo, imejaa kina mama waliokwenda mnadani na watoto wao. Nahodha Lazaro alisimama, sahani yake ikiwa nusu. "Mti wake umeanguka," alisema. Kila mtu alimwelewa. Tulikuwa tumeuona siku chache kabla, umelala majini. Mlima hauonekani, mti haupo, na mianzi yetu ya mlangoni, kwa mkono au kwa upepo, ilikuwa haipo. Sadoki alikuwa anakuja kama kipofu, na nyuma yake kulikuwa na upepo unaomsukuma moja kwa moja kwenye visiki.

Nahodha aliniangalia mara moja tu. Mama Skola hakunizuia. Alikivuta kitambaa cha meza, vikombe vikaanguka, akanitupia. "Chukua. Kinaonekana mbali."

Sijui niseme nini juu ya kwenda kule. Maji yalikuwa yakiingia mbele na mimi nayakumba kwa ndoo, kisha naacha ndoo nashika upondo, kisha narudi kwenye ndoo. Mahali ambapo mianzi ilikuwepo nilipajua kwa meno yangu. Nilipogonga kisiki kikubwa cha upande wa kulia, kile kibaya kuliko vyote, nikapiga kelele, Nahodha akatia nanga, boti ikageuka ikakaa ubavuni mwa kile kisiki, ikiruka kama mbuzi aliyefungwa. Hatukuwa na mwanzi. Basi tukawa mwanzi sisi wenyewe. Nilisimama, Nahodha akanishika kiunoni kwa mkono mmoja huku mwingine ukishika kamba ya nanga, nikakiinua kile kitambaa juu kwa mikono yote miwili. Kilinipiga usoni. Kilitaka kwenda na upepo na kunichukua mimi. Niliogopa, ndiyo. Lakini chini ya woga kulikuwa na kitu kingine kilichotulia kabisa: nilijua ninasimama mahali panapotakiwa, na kwamba hakuna mtu mwingine katika mwalo ule ambaye angeweza kupapata.

Walitokea ghafla kwenye mvua. Boti ndefu, imezama karibu na ukingo, kina mama wamejifunika turubai, mtoto mmoja analia kwa sauti nyembamba. Ilikuwa inaelekea upande wetu wa kulia, kwenye visiki. Nilimwona Sadoki nyuma, ameinuka nusu, anatafuta mti wake. Halafu akaona wekundu. Alitazama kitambaa, akanitazama mimi, na nikaona mkono wake unasukuma usukani. Boti ilipinda polepole mno, ikapita kati yetu na upande wa pili, karibu hata nikasikia mama mmoja akisali kwa Kinamwanga. Haikugusa kitu. Ilipofika maji ya wazi, Nahodha Lazaro aliniachia kiuno, akakaa chini kwenye maji yaliyojaa ndani ya boti, akacheka mpaka akakohoa. "Enesi," alisema, "leo wewe ni mti wa Sadoki."

Katika mwaka ule, baada ya ile ya Rebeka, hakuna boti nyingine iliyozama Nankanga. Watu waliozaliwa ng'ambo kwa sababu mama zao walifika zahanati salama ni watu wazima sasa, wengine wana maduka hapa Tunduma, na hawajui. Ziwa lenyewe limehama tena, njia yetu haipo, na siku hizi naambiwa wana majaketi ya kuokolea na simu zinazoonyesha njia. Vizuri sana. Nahodha Lazaro aliacha maji miaka michache baadaye, akashika jembe, kisha mizani ya duka, na nadhani aliona hiyo ndiyo hadithi inayomfaa mzee wa kanisa. Mimi nadhani alikuwa nahodha mpaka pumzi ya mwisho, na nimeandika hivi ili watoto wake wajue.

Siku ya tatu baada ya upepo ule, Sadoki alikuja kula. Mgahawa ulikuwa umejaa, mabenchi yote. Hakwenda benchi lake. Alikaa katikati ya wengine, ubavuni mwa Nahodha Lazaro, akaomba ugali na magege, akala taratibu mpaka mwisho, akanawa mikono. Halafu akaniita. Hakusema asante, wala mimi sikuitegemea. Alisogea kwenye benchi, akapiga ubao kwa kiganja kunionyesha nafasi.

"Kaa hapa, binti yangu. Kuna visiki vingine saba huvijui."

Nikakaa kati yao. Kisha akasema, si kwa kunong'ona bali kwa sauti ya kumfika kila mtu mpaka jikoni, "Ukishatoka mlangoni, kushoto kwako, kuna mgunga mkubwa umelala, kichwa chake kimeelekea Kamsamba," na wanaume wote wakaacha kutafuna.